Naomba ushauri: kuchapisha mwongozo wa ufugaji ninaouuza kwa PDF

Ndugu zangu, salamu kwenu. Ninauza kupitia WhatsApp mwongozo wa ufugaji wa kuku wa kienyeji ulio katika PDF, na malipo napokea kwa M-Pesa. Wateja wengi wa vijijini wananiomba nakala ya karatasi, hasa ukurasa wa ratiba ya chanjo ya kideri (ugonjwa wa kuku uitwao pia mdondo au Newcastle), kwa kuwa wanataka kuubandika bandani ili yeyote anayehudumia kuku aone ni lini chanjo hiyo ya tone la jicho inarudiwa, yaani kila baada ya miezi 3, hata simu ikiwa imezima.

Kinachonitatiza ni uchapaji. Mashine za kidijitali hukubali nakala chache lakini bei ya kila moja hubaki juu, ilhali ofseti (uchapaji wa kutumia mabamba) hushusha bei pale tu oda inapokuwa kubwa, na mtaji wangu mdogo utalala stoo. Je, nianze na bango la ratiba pekee, lililofanyiwa lamination, kisha kitabu kifuate kwa oda zilizolipiwa kabla? ISBN (namba ya utambulisho wa kitabu) nitaiomba Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania.

Kwa waliowahi kutuma vitabu mikoani kwa mabasi: gharama ya kifurushi mlimtoza mteja, au mliijumuisha kwenye bei?