Kuoga na plasta ya dawa ya maumivu

Swali: Habari zenu, ndugu zangu. Mama yangu, anayeugua saratani, amepewa plasta ya fentanili inayobandikwa kifuani na kubadilishwa kila baada ya saa 72. Je, anaweza kuoga bila kuibandua, nasi tukaendelea kumkanda kwa maji ya moto kama alivyozoea?

Jibu la 1: Pole sana, ndugu yangu. Kuoga kwa maji ya uvuguvugu anaweza, ila msiisugue plasta kwa dodoki. Kumkanda kwa maji ya moto acheni kabisa, kwa sababu joto huharakisha dawa kuingia mwilini, na ikizidi mgonjwa husinzia mno na pumzi zake hupungua, jambo linaloweza kumuua. Akipata homa kali, mwarifuni daktari mapema.

Jibu la 2: Nilimuuguza baba, hivyo naongeza kwamba mafuta ya kupaka huzuia gundi kushika. Plasta ikibanduka, bandikeni mpya mahali pengine penye ngozi kavu. Iliyotumika ikunjeni, gundi ikiwa ndani, kisha iwekeni mbali na watoto, kwani dawa nyingi hubaki ndani yake.

Muulizaji: Asanteni sana. Chupa ya maji ya moto nimeiondoa kitandani mwake sasa hivi.