Raiza, usukani mpya, au kuuzungusha huu uliopo? Vidole vinakufa ganzi

NjiaNdefu

Wakuu, naomba mnisaidie kuchagua kabla sijalegeza hata bolti moja. Pikipiki yangu ni ya kawaida, usukani wa bomba moja, umekaa chini na mbele kuliko ninavyopenda. Nikiendesha dakika 40 hivi, kidole cha mwisho na cha pete vya mkono wa kulia vinaanza kufa ganzi. Ikifika saa moja na nusu, mabega yameshapanda na shingo haigeuki vizuri kuangalia nyuma. Hilo la shingo ndilo linalonitisha zaidi, maana nimejikuta nahama upande kwa kutegemea vioo peke yake.

Nimeona njia tatu. Kwanza, raiza, vile vipande vinavyowekwa chini ya vibano vinavyoushika usukani, ili usukani huu huu upande juu. Pili, usukani mwingine, mrefu kwenda juu na mikono yake imerudi nyuma. Tatu, ule wa bomba nene katikati, mpana, kama wa pikipiki za vumbi. Urefu wangu ni wa wastani ila mikono ni mifupi. Ipi inafaa kwa safari ndefu?

Spana_Kumi

Karibu mkuu. Umesahau njia ya nne, na ndiyo ningeanza nayo: kuuzungusha huo ulio nao. Legeza bolti za vibano, uvute nyuma kidogo, kaza, kaendeshe. Usukani ulioinuka sm 10 kutoka kwenye kibano, ukiuzungusha digrii 5 tu, mikono inakufuata karibu mm 9. Kwa mtu mwenye mikono mifupi, mm 9 si kidogo.

Usizidishe lakini. Ukiuzungusha sana, ncha zinaangalia chini na kiwiko kinabanwa kwenye mbavu. Hapo kifundo cha mkono kinapinda upande wa kidole cha mwisho, na ganzi inazidi pale pale unapoilalamikia.

Halafu angalia levo, yaani vile vishikio vya breki na klachi unavyovuta kwa vidole. Watu wengi wanaendesha na levo zilivyotoka dukani, zimeinuka mno. Kaa kwenye siti, funga macho, weka mikono kwenye usukani kama unavyoendesha, kisha nyoosha vidole. Vidole vinatakiwa vikute levo moja kwa moja, mkono na kiganja vikiwa mstari mmoja. Kama inabidi uinue kiganja ili uifikie breki, legeza kibano cha levo uishushe. Kazi ya dakika kumi.

BiMwendo

Ndugu yangu NjiaNdefu, nilipitia hayo hayo, ila kwangu ganzi ilikuwa kidole gumba, cha shahada na cha kati. Tofauti hiyo usiidharau. Mshipa wa fahamu unaohudumia kidole cha mwisho na cha pete unapita upande wa nje wa kiganja na nyuma ya kiwiko. Ule wa gumba na vidole viwili vinavyofuata unapita katikati ya kifundo. Mimi kilichoniumiza ni kukunja kifundo kwenda juu muda wote nikiwa nimeshika mafuta. Wewe inaelekea unaegemea ukingo wa nje wa kiganja, yaani uzito wa kifua umeuweka kwenye mikono.

Nilichofanya mimi ni njia yako ya pili, usukani mrefu uliorudi nyuma. Vidole vilipona wiki ile ile. Lakini nikapata jingine: nilikuwa nimekaa wima kabisa, uzito wote ukashukia kwenye kifandugu, kila shimo la barabara nikalisikia mgongoni. Na nikiongeza mwendo, upepo unanisukuma kifuani, inabidi nijishikilie kwa mikono nisirudi nyuma. Kwa hiyo kwenye mwendo wa taratibu nilipumzika, kwenye mwendo wa kasi nikachoka upya. Mwisho niliubadilisha tena kwa usukani wa kati, nusu ya kimo cha ule. Ningeanza na huo ningeokoa kazi ya mara mbili.

Mlalo

Mimi naendesha pikipiki ya kulala, usukani wa vipande viwili uliobanwa moja kwa moja kwenye shokapu za mbele, kwa hiyo nitasema upande wa pili. Usukani wa chini si adui. Anayeelekea mbele akibana tangi kwa mapaja na kujishikilia kwa tumbo na mgongo, mikono inabaki myepesi. Kipimo changu ni hiki: ukiwa kwenye mwendo, pigapiga viwiko kama kuku. Vikikataa kucheza, umejiegemeza. Kwenye mwendo wa kasi upepo wenyewe unakubeba kifua, ndiyo maana pikipiki yangu inanichosha kwenye foleni na si kwenye barabara ndefu.

Na kumbuka, ukiinua mikono na kurudisha kifua nyuma, gurudumu la mbele linapungukiwa uzito. Kwa raiza ndogo hutalihisi. Kwa usukani mrefu sana utalihisi kwenye kona, sehemu ya mbele inakuwa haikupi habari za barabara kama zamani.

NjiaNdefu

Asanteni sana. Dada BiMwendo, umenieleza mwili wangu kuliko nilivyokuwa naujua. Ndugu Mlalo, nimejaribu kupiga viwiko leo asubuhi. Havichezi. Kwa hiyo kosa moja ni langu na nitalifanyia kazi. Lakini hata nikijibana kwa mapaja, bado nafika kwenye usukani kwa mikono iliyonyooka kabisa. Kwa hiyo naona raiza. Za mm 40 nimezipenda. Kuna ubaya wowote?

Mzee wa Gia

Subiri kijana wangu. Kabla ya kuuliza raiza ya kimo gani, uliza nyaya zako zinaruhusu kimo gani. Hilo ndilo linaloamua, mengine ni matamanio.

Inyanyue pikipiki gurudumu la mbele liwe hewani, shokapu zishuke zote. Watu wanasahau hapa. Wanapima pikipiki ikiwa chini, shokapu zimejikunja, paipu ya breki inaonekana ina nafasi. Ukiruka tuta, shokapu zinafunguka na paipu inavutwa. Sasa gurudumu likiwa hewani, peleka usukani kushoto mpaka mwisho, halafu kulia mpaka mwisho. Angalia paipu ya breki, waya wa klachi, waya wa mafuta na nyaya za swichi. Zote lazima zibaki na ulegevu mwisho wa pande zote mbili. Kisha washa injini, weka gia huru, rudia kuzungusha polepole. Injini ikipandisha mlio wenyewe, waya wa mafuta unavutwa. Siku utakayogeuza pikipiki mahali pembamba itajiongezea mafuta mikononi mwako. Nimeona mtu akienda ukutani kwa sababu hiyo hiyo.

Raiza za mm 20 hadi 25, pikipiki nyingi zinazimudu kwa nyaya zile zile, pengine kwa kuzipitisha njia fupi zaidi. Ukifika mm 40, jiandae kubadilisha paipu ya breki, na ukiibadilisha ni washa mpya za shaba na kutoa upepo kwenye mfumo mzima. Mafuta ya breki yakidondokea tangi yanakula rangi, lifunike.

Spana_Kumi

Mzee amenena. Niongeze jambo ambalo wengi hawalitegemei kwenye raiza. Hazipandishi usukani wima. Zinaupandisha kwa kufuata mlalo wa shingo ya pikipiki, pale usukani unapozungukia. Tuseme shingo imelala digrii 25: raiza ya mm 30 inakupa kama mm 27 kwenda juu na karibu mm 13 kurudi nyuma. Kwa mwenye mikono mifupi kama NjiaNdefu hizo 13 za nyuma ni zawadi kubwa kuliko zile 27. Ndiyo sababu kwake naipendelea raiza ndogo kuliko usukani mpana.

Na huo mpana, kwake nauondoa kabisa. Upana unakupa nguvu ya kugeuza, unafaa ukiendesha umesimama kwenye mawe na mchanga. Ila mkono mfupi kwenye usukani mpana unanyooka zaidi, na ukigeuza mpaka mwisho, mkono wa nje unakaribia kutofika. Zaidi ya hapo, bomba nene ni mm 28.6 kwenye kibano, wakati usukani wa kawaida ni mm 22. Vibano vyako havitaushika, utahitaji vingine. Zile pikipiki kubwa za kukaa kwa kujinyoosha zina mm 25.4, hizo nazo ni habari nyingine. Kwenye mshikio zote mbili za kwanza zinarudi mm 22, kwa hiyo mipira na swichi vinaingia.

Mlalo

Swali kwa fundi: mimi nafikiria kuacha vipande viwili niweke usukani wa bomba. Inawezekana?

Spana_Kumi

Inawezekana kama kishikio cha juu cha shokapu kina mahali pa kufunga vibano, au ukipata kishikio kingine chenye mahali hapo. Kutoboa cha zamani usithubutu. Kinabeba usukani wako wote. Halafu kazi kubwa ni kava za mbele: kipande cha bomba kinachozunguka juu kinagonga kioo cha upepo na mikono inabanwa na kava. Kwako ningejaribu kwanza vile vipande viwili vyenye shingo, vinavyoinua mshikio juu ya kishikio badala ya chini yake. Uangalie tu vidole vyako visibanwe kati ya mshikio na tangi ukigeuza mpaka mwisho.

BiMwendo

Nami niseme jambo la swichi, maana lilinisumbua siku nzima. Usukani mpya ulikuwa laini, hauna tundu. Ndani ya nyumba ya swichi kuna kijino kinachoingia kwenye tundu la usukani ili swichi isizunguke. Kuna watu wanakikata kijino. Msikikate, toboeni tundu dogo mahali panapostahili, baada ya kukaa na kuhakikisha levo na swichi zipo pale mnapozitaka. Tundu likikosewa halirudishwi.

Na vile vyuma vizito vya mwishoni mwa usukani, vinavyopunguza mtetemo, vya zamani havikuingia kwa sababu usukani mpya ulikuwa na tundu jembamba ndani. Niliendesha siku mbili bila hivyo na mikono ilikuwa inawasha kwa mtetemo. Kama ganzi ya mtu inakuja zaidi injini ikifika mzunguko fulani, aanzie hapo kabla ya kununua usukani.

Mzee wa Gia

Kweli kabisa. Na wakati wa kukaza: vibano vingi vina alama ya kitone au mshale. Vingine vinakazwa bolti za mbele kwanza mpaka pengo lizibe, za nyuma zinabaki na pengo. Vingine mapengo yanatakiwa yalingane mbele na nyuma. Kitabu cha pikipiki kinasema, na kinataja nguvu ya kukazia. Ukikaza kwa hasira unapasua kibano.

NjiaNdefu

Shikamoo mzee, na salamu kwenu wote. Narudi na majibu.

Nilinyanyua gurudumu la mbele kama ulivyoagiza. Nyaya zote mbili zilikuwa na nafasi nzuri. Paipu ya breki ilinishangaza: kushoto mwisho, shokapu zikiwa zimeshuka, ilibaki na ulegevu mdogo kama unene wa vidole viwili. Mm 40 ingeivuta. Nikaweka raiza za mm 20, nikazungusha usukani nyuma kidogo sana, nikashusha levo zote mbili. Nikarudia kipimo cha gurudumu hewani, na cha injini ikiwa inawaka. Mlio haukupanda.

Nimeendesha siku tatu. Leo nimekaa saa mbili mfululizo. Kidole cha pete hakijafa ganzi kabisa. Cha mwisho kilianza kuwasha karibu na mwisho, nikagundua nilikuwa nimeanza kujiegemeza tena, nikabana tangi, kikatulia. Viwiko sasa vinacheza.

Shingo inageuka mpaka naona gurudumu langu la nyuma.

Mzee wa Gia

Baada ya kilomita mia moja hivi, pitia bolti za raiza tena kwa spana. Vyuma vipya hukaa vizuri baada ya kutetemeka.