Ushauri: Divisheni ya Kwanza bila ufadhili, au chuo kidogo atakakopata namba?

Baba Yusuf, Columbus, Ohio

Wanajukwaa, salaam. Naomba ushauri wenu, hasa wazazi ambao watoto wao wamecheza soka la vyuo hapa Marekani. Mwanangu yuko mwaka wa mwisho wa sekondari, anacheza beki wa kushoto, na wastani wake wa alama ni 3.5 kati ya 4. Kocha wa chuo kikuu kimoja cha Divisheni ya Kwanza, ngazi ya juu kabisa kati ya tatu za michezo ya vyuo, amemwambia kwamba atampokea kikosini, ila bila ufadhili wa michezo. Chuo kingine kidogo, cha Divisheni ya Pili, kimemwahidi kumlipia sehemu ya ada, na kocha wake amekuja mwenyewe kumtazama akiichezea klabu yake.

Kijana anakitaka kile kikubwa. Mimi na mama yake tunahofia deni la ada, na tunahofia zaidi asije akasugua benchi mpaka mpira umtoke moyoni. Sisi tumekulia Mombasa, ambako kijana hupata namba kwa kuonekana mazoezini, na utaratibu huu wa vyuo ni mgeni kwetu. Tupime vipi?

Mama Zawadi, Minnesota

Baba Yusuf, kabla hamjajadili lolote na kijana, fungueni tovuti ya kila timu mtazame orodha ya wachezaji. Pale huandikwa jina, nafasi anayocheza, mwaka wa masomo na mahali alikotoka. Tafuteni mabeki wa kushoto wote, kisha mjiulize ni nani kati yao atakuwa bado yupo mwanenu atakapoingia. Baada ya hapo fungueni takwimu za msimu uliopita, muone wanafunzi wa mwaka wa kwanza walianza mechi ngapi. Ukiona timu ambayo wachezaji wake wapya wengi walihamia kutoka vyuo vingine, au ni vijana wa Ulaya wenye miaka 21 na 22, ujue kocha huyo anapenda wachezaji waliokwisha komaa, na kijana wa miaka 18 atangoja sana hata akiwa hodari. Sisi tulifanya hivyo kwa mwanetu wa kwanza, na maneno matamu ya kocha mmoja yakapungua uzito tulipoona kwamba mabeki wake wawili wa kushoto walikuwa mwaka wa kwanza.

Kocha wa vijana, Louisville

Nakubaliana na Mama Zawadi, na ninaongeza jambo ambalo wazazi wengi bado hawajalipata. Kwa miaka mingi timu ya wanaume ya Divisheni ya Kwanza iliruhusiwa jumla ya ufadhili kamili (wa gharama zote za mchezaji mmoja) usiozidi 9.9, ambao makocha waliugawa vipande vipande, kisha wakajaza kikosi kwa wachezaji wasio na ufadhili. Makubaliano ya kumaliza kesi kati ya wanamichezo na wasimamizi wa michezo ya vyuo, yaliyoidhinishwa na mahakama Juni 2025, yameondoa kikomo hicho kwa vyuo vilivyoyakubali, lakini yamevifunga kwa kikosi kisichozidi wachezaji 28. Timu iliyozoea kubeba watu 35 inalazimika kupunguza, na wa kwanza kuguswa ni yule ambaye chuo hakijamlipia chochote. Kwa hiyo muulizeni kocha wazi: chuo chenu kimekubali makubaliano hayo? Mwanangu yumo katika hao 28? Nafasi hii itabaki hata mkimsajili beki mwingine mwezi Mei? Ahadi ya mdomo haimfungi kocha, wala haimfungi mchezaji.

Divisheni ya Pili nayo msiione kama neema tupu. Timu nzima ya wanaume ina ufadhili kamili usiozidi 9, kwa hiyo sehemu aliyoahidiwa inaweza kuwa ndogo. Ombeni kiasi hicho kwa maandishi, muulize kama huhuishwa kila mwaka na nini kitatokea akiumia goti. Halafu ongezeni msaada wa kitaaluma, kwa sababu kwa alama za 3.5 huenda chuo kikampa fedha zaidi kwa masomo kuliko kwa mpira. Kwa sababu hiyo msivipuuze vyuo vya Divisheni ya Tatu, ambavyo ni vingi hapo Ohio: havitoi ufadhili wa michezo hata kidogo, lakini msaada wao wa masomo na wa mahitaji ya familia mara nyingine huishusha ada kuliko mnavyotarajia.

Na kijana akisema kwamba nje ya Divisheni ya Kwanza hakuna mpira, mwambieni habari za Lawrence Olum wa Nairobi. Alipitia chuo cha Missouri Baptist, kisha chuo cha Tampa cha Divisheni ya Pili, na mwaka 2013 alikuwa katika kikosi cha Sporting Kansas City kilichotwaa ubingwa wa MLS, ligi kuu ya soka hapa Marekani.

Bi Rehema, Seattle

Naomba kutofautiana kidogo na walionitangulia. Handwalla Bwana alizaliwa Mombasa, akapitia maisha ya ukimbizi, akachezea Chuo Kikuu cha Washington, ambacho ni Divisheni ya Kwanza, na mwanzoni mwa 2018 Seattle Sounders, klabu ya MLS, wakamsajili. Mlango huo upo. Kama chuo kikubwa ndicho chenye shahada anayoitaka, na ada yake mnaimudu bila mkopo mzito, msimzuie kwa hofu ya benchi peke yake.

Mhitimu wa Divisheni ya Pili

Shikamoo Baba Yusuf. Mimi nimemaliza chuo juzi juzi, nami pia nilikuwa beki. Popote atakapokwenda, namba huanza kugombewa kiangazi, kabla hajafika. Mechi huanza mwishoni mwa Agosti, mazoezi ya pamoja kabla yake ni ya wiki chache tu, na timu nyingi huwapima wachezaji mbio siku za mwanzo kabisa. Anayefika akihema hutumia wiki hizo kutafuta pumzi huku wenzake wakijifunza mfumo wa kocha. Timu mara nyingi hucheza mechi mbili kwa wiki, na sheria za vyuo zinamruhusu mchezaji aliyetolewa kurudi uwanjani kipindi cha pili, kwa hiyo makocha hubadilisha wachezaji mara nyingi, na mgeni anaweza kupata dakika 15 hapa na 20 pale. Mimi niliaminiwa kwanza kwa sababu ya kulinda mlingoti wa mbali kwenye kona, kazi ambayo hakuna aliyeipenda. Kisha majira ya kuchipua, wahitimu wanapojiandaa kuondoka, ndipo kocha hupanga upya safu ya ulinzi.

Ninakuomba jambo moja, mzee wangu: maswali kuhusu dakika za kucheza ayaulize Yusuf mwenyewe. Fedha zenu ulizeni ninyi wazazi.

Baba Yusuf

Nawashukuru sana nyote. Tumekaa na Yusuf tukaitazama orodha ya chuo kikubwa: mabeki wa kushoto ni watatu, na wawili kati yao watabaki. Amenyamaza kidogo, kisha akaomba aandike mwenyewe barua pepe kwa makocha wote wawili. Je, ni sawa kumwambia kila mmoja kwamba yupo mwingine?

Kocha wa vijana, Louisville

Ni sawa, na makocha wamelizoea. Asitaje kiasi cha fedha katika barua hiyo ya kwanza. Ataje tarehe ambayo familia itaamua, na aombe kulala usiku mmoja na wachezaji katika kila chuo kabla ya tarehe hiyo.