Nyie mnaochakachua pachi za PES na kutuuzia, hamna hata chembe ya aibu?

Wakuu, nimeamka na hasira na hata chai sijanywa, kwa hiyo mnivumilie.

Jana usiku nimepigwa elfu tano kwa pachi ya PES, ile gemu ya mpira ya Konami (pachi ni faili la kubadilisha majina na jezi za gemu). Siyo hela ya kumlilia mtu, najua. Lakini jumlisha bando la GB 2, jumlisha Master League yangu (ile sehemu ya kuongoza timu msimu hadi msimu) ya misimu saba iliyofutika, halafu ndiyo uniambie nitulie.

Kuna jamaa kwenye magrupu ya WhatsApp anatangaza "PES 2025 ya PPSSPP, Ligi Kuu Bara yote, kamera ya PS5" (PPSSPP ni programu ya kuchezea gemu za PSP, ile mashine ndogo ya mkononi ya Sony, kwenye simu). Kwenye tangazo jezi za Simba na Yanga zinang'aa kama zimetoka kupigwa pasi. Nikatuma hela, na ya kutolea juu. Akanirushia linki. Faili limefungwa kwa paswedi, na paswedi yenyewe mpaka uangalie video yake ya dakika kumi na moja, herufi zinachungulia moja moja kwenye kona ya skrini. Nimelipa, jamani! Nimelipa na bado naokoteshwa herufi kama mtoto wa chekechea.

Haya, nikafungua. Nembo ya Simba imevutwa mpaka imekuwa pana kama sinia la pilau. Kipa ana nywele za rangi ya mahindi. Naangalia benchi la Yanga, nawakuta Castolo na Minanda, wale wale wachezaji wa kubuni wa Master League. Yanga wamemsajili Castolo dirisha lipi? Nikafunga bao, mtangazaji akapasuka kwa Kireno.

Hicho Kireno ndicho kilichonishtua. Nikaingia kwenye folda, nikakuta kifaili cha maandishi ambacho mwamba alisahau kukifuta. Nikakipitisha kwenye mtafsiri wa simu: ni vijana wa Brazili, wanaeleza namna ya kuiweka gemu, wanamshukuru aliyechora jezi, na mstari wa mwisho unasema hii ni ya bure, usiiuze. Yaani jamaa kabandika nembo mbili tu, tena vibaya, kaweka jina lake kwenye skrini ya kuanzia, kesho yake ana bei.

Wadogo zangu mnaodhani "PES 2025" ni kitu kipya, sikilizeni. Konami waliliacha jina la PES tangu 2021, siku hizi wanaita eFootball. Kwa PSP, ya mwisho kutoka kwao ilikuwa PES 2014. Kwa hiyo unachonunua ni kizee kilichovalishwa jezi mpya, na hiyo "kamera ya PS5" inakaa ndani ya gemu ya mashine iliyotoka 2004. Sisemi ni kitu kibaya, mimi ndiyo ninachocheza kila siku. Nasema waliomvalisha huyo mzee hawakulipwa.

Na kazi hii ina heshima zake. PES 6 ya 2006 ilikuwa inamwita Liverpool "Merseyside Red" na Chelsea "London FC", kwa sababu Konami hawakuwa na leseni nao. Mashabiki ndio waliokaa usiku kucha kurekebisha majina na jezi. Wabrazili na Bomba Patch yao wameifanya PS2 iendelee kupumua. Banda la gemu mtaani kwetu lilikuwa na diski ya aina hiyo, tunachagua Flamengo na hatujui hata wanatokea mji gani, tunajua tu winga wao ana mbio. Kwingine nako hivyo hivyo: Mother 3 ya Nintendo ilitoka Japani tu mwaka 2006, mashabiki wakaitafsiri kwa Kiingereza na kuitoa bure 2008, wakatoa pachi peke yake, gemu utafute mwenyewe. Ndivyo wastaarabu wanavyofanya.

Sasa kuhusu Master League. Maelekezo ya bwana mkubwa yalisema "futa SAVEDATA ya zamani, weka yangu", yaani folda linalotunza gemu ulizohifadhi. Nikafuta. Sikuhifadhi nakala, huo ni ujinga wangu na nimeukubali. Lakini kuna dogo nilimpandisha ana miaka 17, akawa nahodha, akanipa makombe mawili ya Ulaya. Kaenda. Nikamwandikia jamaa, "Bosi, sevu zangu zote zimepotea." Akajibu, "Hiyo ni simu yako." Dakika mbili baadaye picha yake ya profaili ikapotea. Bloku.

Mwenye linki ya hao Wabrazili aiweke hapa, nataka niwashushie asante hata kwa Kireno cha mtafsiri. Na wasimamizi naomba msiuunganishe uzi huu na ule wa "PES mpya 2025 download hapa", maana najua aliyeufungua.

HARIRI: Mnaoniomba namba yake PM, sitoi. Na wewe uliyeandika "elfu tano tu unalia", nitumie basi. Na ya kutolea.