Fomu za hospitali na ofisi za umma zinadai taarifa zisizohitajika, na saini ya ridhaa haihalalishi jambo hilo

Ndugu wasomaji, nimechoshwa na fomu zinazomtaka mgonjwa aliyefika kupimwa shinikizo la damu aandike dini yake, jina la mwajiri wake na kiwango cha mshahara wake, kisha, akithubutu kuuliza sababu, aambiwe kwamba asipojaza kila mstari hatahudumiwa. Huo ni unyang'anyi wa faragha unaopigiwa muhuri.

Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya kulinda taarifa binafsi, iliyoanza kutumika tarehe 25 Mei 2018, Sheria ya Kenya ya kulinda taarifa hizo ya mwaka 2019 na ile ya Tanzania ya mwaka 2022 zote zinamfunga mkusanyaji wa taarifa kwa sharti lilelile: achukue kile tu kinachohitajika kwa kusudi alilolitaja. Taarifa za afya na za imani zimewekewa ulinzi mkali zaidi.

Kinachonikera kuliko yote ni ile saini ya ridhaa. Ni ridhaa gani inayotolewa na mtu mwenye maumivu, aliyesimama kwenye foleni, anayejua kwamba akikataa atarudishwa nyumbani bila matibabu? Aya ya 43 ya utangulizi wa kanuni hiyo ya Ulaya inaeleza kwamba ridhaa isiwe msingi halali pale ambapo mhusika amezidiwa nguvu waziwazi na mkusanyaji, hasa mkusanyaji huyo anapokuwa mamlaka ya umma. Kwa hiyo hata saini ikiwepo, ofisi bado inawajibika kueleza taarifa hiyo inahitajika kwa kazi gani.

Simlaumu daktari anayeuliza kuhusu mimba, mzio au dawa ambazo mgonjwa anatumia, kwa sababu kutojua mambo hayo kunaweza kuua. Lakini anayehofu kwamba mgonjwa atakataa kuongezewa damu kwa sababu ya imani yake amuulize kuhusu damu, asimuulize dini. Tena amuulize faraghani, wala si dirishani huku foleni nzima ikisikia.

Ninadai kila swali kwenye fomu liandikiwe kusudi lake, kifungu cha sheria kinacholiruhusu, muda ambao jibu litahifadhiwa, na iwapo mtu ana hiari ya kuliacha wazi. Swali lisilo na maelezo hayo liondolewe, na majibu ambayo tayari yamekusanywa kupitia swali hilo yafutwe kwenye majalada na kwenye kompyuta.