Mrejesho: Breasts and Eggs ya Mieko Kawakami, nimeimaliza

Wakuu, nimerudi. Niliuliza kama niendelee na riwaya hii ya Kijapani au niiache, maana sehemu ya pili ilinishinda. Asanteni mliojibu.

Nilifuata ushauri wa kuisoma sehemu ya kwanza kama hadithi inayojitegemea. Kumbe ndivyo ilivyokuwa: ilishinda Tuzo ya Akutagawa, tuzo kubwa ya fasihi Japani, kabla mwandishi hajaiandika upya na kuirefusha mwaka 2019. Makiko na hamu yake ya kuongeza matiti, bintiye Midoriko anayewasiliana kwa kuandika tu, halafu yale mayai wanayojipasulia vichwani! Nililia, sifichi.

Aliyesema nivumilie hadi nimfikie Yuriko, ubarikiwe dada. Mwanamke huyo, aliyezaliwa kwa mbegu za mtu asiyemjua, anahoji kwa nini tunaleta watoto duniani bila ridhaa yao. Nina watoto, swali lake limenikera na bado sina jibu.

Ushauri wa kusoma pamoja na mume haukufua dafu, aliishia kurasa za mwanzo. Na Natsuko, msimulizi wa riwaya, bado ananichosha, safari yake ya kutafuta mtoto ingepunguzwa. Mliokwama nilipokwama, msiache kabla ya Yuriko. Nakala yangu sasa iko kwa wifi.