Betri imekufa na kiki inateleza: nitawashaje pikipiki alfajiri?

MaziwaYaKiboswa

Hamjambo wakuu. Naomba ushauri, hasa kwa mafundi na watu wa boda. Mimi nabeba maziwa kutoka Kiboswa hadi Kondele, na saa kumi na moja alfajiri natakiwa niwe barabarani. Pikipiki ni ya sisi (cc) 150, ya kabureta, ina stata na kiki. Siku hizi nikibonyeza stata inalia ta-ta-ta, taa za dashibodi zinafifia, injini haigeuki. Kiki nayo imekula meno, ukiikanyaga inateleza kwenye shafti. Kwa hivyo stata ikigoma, sina njia nyingine.

Kinachonisumbua ni kwamba betri ni ya mwaka huu huu. Fundi mmoja stejini kaiangalia tu kwa macho akaniambia ninunue nyingine. Pesa iliyopo ni ya chakula cha ng'ombe, sitaki kuitoa kwa kubahatisha. Naomba mnisaidie: nikisukuma kila asubuhi naharibu kitu? Jirani ana gari la Probox, naweza kuvuta moto kwake? Na ndani ya nyumba nina betri ya sola, hiyo nayo inafaa? Nikichelewa, maziwa yanakataliwa na hasara ni yangu.

MteremkoWaRiat

Pole sana ndugu. Uzuri wako ni kwamba unaishi juu. Kutoka hapo Kiboswa kushuka Riat hadi Mamboleo ni mteremko wa kutosha, si kama sisi tunaoenda Ahero ambako barabara imelala sare na ni jasho lako tu.

Sukuma hivi. Funguo iwe imewashwa, na ile swichi nyekundu ya kuzima injini uhakikishe iko kwenye kuwaka. Watu wengi husukuma hadi wakachoka kumbe swichi imefungwa. Injini ikiwa baridi vuta choki. Weka gia ya pili, usiweke ya kwanza, kwa sababu ya kwanza inafunga tairi la nyuma na kuliburuta. Kamata klachi, kimbia nayo mpaka ishike mwendo, ruka ukae kitini kwa uzito wako wote na wakati huo huo achia klachi ghafla. Ule uzito ndio unaofanya tairi lishike barabara. Ikikohoa na kushika, kamata klachi tena haraka na uipe mafuta kidogo isizime.

Kama mvua ya ziwani imenyesha jioni na njia ya kwako ni matope, usijisumbue hapo ndani. Ikokote kwanza mpaka lami. Tena mitungi ya maziwa ifungwe baada ya pikipiki kuwaka.

MwalimuMaseno

Naongeza jambo kwa wasomaji wengine. Njia hiyo ya kusukuma ni ya pikipiki za kabureta. Yangu ni ya injekta, ambapo pampu ya mafuta na kompyuta yake vinahitaji umeme kabla injini haijawaka. Betri ilipoisha kabisa, vijana walinisukuma kutoka lango la shule mpaka karibu na alama ya ikweta na haikukohoa hata mara moja. Mwenye injekta asisumbue watu, atafute umeme kwanza.

FundiKibuye

Ndugu wa maziwa, umeeleza vizuri, kwa hivyo na mimi nikujibu kwa urefu.

Mlio wa ta-ta-ta ni rilei ya stata, yaani swichi inayoipelekea stata umeme. Inafunga, stata inavuta umeme, betri inashindwa, rilei inaachia, halafu inafunga tena. Maana yake umeme unaofika ni mdogo. Hilo halithibitishi kwamba betri ni mbovu. Inaweza kuwa nzima lakini haijachajiwa, au ni nzima na vichwa vyake vimelegea. Anza na vichwa. Fungua waya wa hasi kwanza, halafu wa chanya, kwa sababu ukianza na chanya na spana ikagusa fremu, utaona cheche ambazo hutazisahau. Ukikuta unga mweupe au wa kijani, usugue kwa maji ya moto yenye magadi kidogo, ukaushe, ufunge chanya kwanza kisha hasi, ukaze sawasawa. Nimewahi kurudisha pikipiki nyingi barabarani kwa hilo peke yake, na mwenyewe alikuwa ameshabeba pesa ya betri mpya mfukoni.

Kuhusu Probox, inafaa, kwa sababu zote mbili ni volti 12. Lakini gari lizimwe kabisa, lisiwe linaunguruma. Waya mwekundu uanze chanya ya betri yako uende chanya ya gari. Waya mweusi uanze hasi ya gari, na ncha yake ya mwisho uibane kwenye chuma kitupu cha injini ya pikipiki, mbali na betri. Cheche hutokea pale unapounganisha mwisho, na betri hutoa gesi inayoshika moto. Kwa sababu hiyo hiyo, anayekusaidia asiwe na sigara mkononi. Subiri dakika chache, bonyeza stata kwa sekunde chache tu, ipumzishe, jaribu tena. Ikiwaka, toa mweusi kwanza. Lori au basi usiguse, hata dereva akiwa shemeji yako. Mengi yana volti 24, na hiyo itaunguza kila kitu ulicho nacho.

Betri ya sola kama ni ya volti 12 inaweza kusaidia, ila si kwa zile nyaya nyembamba za taa. Stata inavuta makumi ya ampea, waya mwembamba utayeyuka mkononi. Tafuta nyaya nene za gari. Na usije ukaunganisha paneli yenyewe moja kwa moja na betri ya pikipiki, kwani juani paneli isiyo na mzigo inapita volti 18.

BodaNyamasaria

Mimi nitasema ninachofanya. Betri ilipokufa niliitoa kabisa, nikafunga nyaya na gundi ya umeme, natembea hivyo hivyo. Nasukuma, inawaka, kazi inaendelea. Ndugu, okoa pesa yako.

FundiKibuye

@BodaNyamasaria, nakuheshimu kaka, lakini hilo sikubaliani nalo. Kuna pikipiki ambazo moto wa plagi unatoka moja kwa moja kwenye koili ya jenereta, hizo zitawaka bila betri. Nyingine moto wake unapitia kwenye betri, hizo hazitawaka. Hata hizo za kwanza, betri ndiyo inayotuliza umeme wa rektifaya, kile kifaa kinachogeuza umeme wa jenereta uwe wa kuchaji betri. Ukiitoa, ukipandisha mafuta volti zinaruka juu, balbu zinaungua moja baada ya nyingine, na siku moja itaungua CDI, kile kisanduku kinachotoa moto wa plagi. Sasa hesabu gharama za balbu, CDI na rektifaya halafu uniambie umeokoa nini. Na usiku barabara ya Nyamasaria ina malori, taa ikikuzimikia hapo unahatarisha maisha yako na ya abiria wako. Tafadhali rudisha betri.

BodaNyamasaria

Kweli balbu za mbele nimebadilisha sana, sikujua zinahusiana. Asante fundi, nitairudisha mwisho wa mwezi.

MteremkoWaRiat

@MaziwaYaKiboswa, umeongeza vitu gani kwenye pikipiki? Taa za pembeni, alamu, redio?

MaziwaYaKiboswa

Asanteni sana wote. Nimeongeza taa mbili za LED mbele kwa sababu ya ukungu wa alfajiri, na sehemu ya kuchaji simu. Alamu ilikuja nayo. Vichwa nimevisugua kama fundi alivyosema, kimoja kilikuwa na unga wa kijani. Leo imewaka kwa Probox ya jirani, lakini jioni nilipozima Kondele ikarudia ta-ta-ta. Nilitembea karibu mchana kutwa na bado haijajaa. Hapo ndipo nashindwa kuelewa.

FundiKibuye

Hilo ndilo jambo nililotaka kulisikia. Betri inayokufa baada ya kutwa nzima barabarani, ama haishiki chaji ama hailetewi chaji. Usinunue chochote bado. Taa mbili za LED na simu ni mzigo mdogo kwa pikipiki ya sisi 150 inayochaji vizuri.

Fanya hivi. Toa betri, ichajiwe usiku kwa chaja ndogo. Angalia ubavuni imeandikwa Ah ngapi, yaani uwezo wake, na ampea za chaja zisizidi moja ya kumi ya hiyo. Kama ni 9Ah, basi iwe 0.9, hapo itachukua kama saa kumi na zaidi. Usiipeleke kwa wale wenye chaja kubwa ya betri za malori, itachemka na kuisha mapema. Kama ni ya maji, tazama mistari ya chini na ya juu kwenye plastiki, ongeza maji ya betri yale yaliyosafishwa, si ya bomba na wala si asidi. Asidi huwekwa mara moja tu betri ikiwa mpya.

Kisha tafuta mita. Asubuhi kabla ya kuwasha, betri iliyojaa isome 12.6 au zaidi. Ikiwa chini ya 12 baada ya usiku mzima wa chaji, betri imechoka. Washa injini, pandisha mafuta kiasi cha mwendo wa barabarani, pima tena kwenye vichwa vya betri. Ikisoma kati ya 13.5 na 14.5, chaji ni nzuri. Ikibaki kwenye 12 na kitu, chaji haifiki. Ikipita 15, rektifaya imeharibika na inachemsha betri. Niletee hizo namba.

MaziwaYaKiboswa

Nimeazima mita kwa kijana anayetengeneza simu Mamboleo. Baada ya chaji ya usiku, betri 12.7, na stata imezunguka kwa nguvu, nimefurahi sana. Lakini injini ikiwaka na mafuta juu inasoma 12.4, na nikiwasha taa inashuka zaidi.

FundiKibuye

Basi betri yako ni nzima, ndugu. Imekuwa ikilisha pikipiki peke yake bila kurudishiwa kitu. Yule aliyekuambia ununue nyingine angekupeleka dukani tena baada ya muda mfupi.

Sasa fuata nyaya zinazotoka ubavu wa kushoto wa injini, kwa pikipiki nyingi za namna hiyo ni tatu za njano. Zinapanda hadi kwenye plagi inayoungana na rektifaya, lile dude la alumini lenye mapezi. Chomoa plagi uitazame kwa macho yako kwanza. Kama ni safi, weka mita kwenye umeme wa AC, injini ikiwa inawaka, upime njano kwa njano, jozi zote tatu. Zinapaswa kukaribiana na kupanda pamoja ukiongeza mafuta. Jozi moja ikiwa chini sana, koili imeungua. Zima injini, upime kila njano na fremu: zisigusane kabisa. Zote zikiwa sawa, wa kulaumiwa ni rektifaya.

MaziwaYaKiboswa

Sikufika hata kwenye kupima. Plagi yenyewe nimeichomoa kwa tabu, ilikuwa imeganda. Plastiki imekuwa ya kahawia upande mmoja na imeyeyuka, pini moja nyeusi tii na waya wake umekauka, ukiukunja unakatika kama kijiti. Zile pini nyingine mbili zinang'aa. Hii inasababishwa na nini?

FundiKibuye

Umeipata. Pini ikilegea au ikiingia maji, inashika kidogo tu, umeme unapita kwa shida, panapata joto, joto linailegeza zaidi, mpaka plastiki inayeyuka. Pikipiki za boda na za maziwa huoshwa kila jioni kwa presha, na kijana wa kuosha hupiga maji chini ya kiti bila kujua kuna plagi pale. Mwambie asipige maji pale.

Usibane tena plagi hiyo hiyo. Kata waya hadi ufike kwenye shaba inayong'aa, ununue plagi mpya ya pini nene, au uunge waya kwa waya kwa risasi ya kulehemu na uzifunike kila moja peke yake ili zisigusane. Halafu pima tena.

MaziwaYaKiboswa

Wakuu, imekwisha. Nimeunga kwa risasi, kazi ya muda mfupi tu. Mafuta juu inasoma 14.1, taa zote zikiwa zimewashwa ni 13.8. Leo imewaka kwa stata alfajiri na pia jioni Kondele. Mungu awabariki sana, pesa ya ng'ombe iko salama. Sasa nataka kumaliza na kiki. Jamaa wa kuchomelea anasema ataichomelea kwenye shafti isiteleze tena. Nikubali?

FundiKibuye

Usikubali. Kwa pikipiki nyingi shafti ya kiki inapita kwenye kava la kulia, na ndani yake ndiko klachi iko. Ukichomelea, siku ya kubadilisha sahani za klachi kava halitatoka mpaka kiki ikatwe kwa grainda. Toa bolti ya kiki, uangalie meno ya shafti. Kama bado yapo, nunua mkono mpya wa kiki peke yake, uupige mpaka uingie kabisa na bolti uikaze kwelikweli, kwa sababu ulegevu wa bolti ndio ulioyala meno ya kwanza. Kama meno ya shafti nayo yameisha, hapo ni kufungua kava, na kazi hiyo uje nayo Kibuye siku ambayo si Jumapili, tusisumbuliwe na watu wa soko.

MaziwaYaKiboswa

Meno ya shafti yapo, yameguswa kidogo tu nchani. Kesho nikishashusha maziwa napitia dukani kuchukua mkono.